Wanakisomo wanaoacha darasa baada ya wiki chache

Mwezeshaji mpya: Ndugu zangu, ninawafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Kinachoniumiza ni kuona darasa lililoanza likiwa limejaa likipungua wiki hadi wiki, ilhali wanaoondoka si wavivu wala si wazito wa kuelewa. Wengi wao ndio walioanza kwa ari kubwa. Niwasaidieje wadumu?

Mratibu wa kisomo: Mwalimu, ziangalie sana wiki tatu za kwanza, kwa kuwa ndipo mtu aliyeaibishwa shuleni utotoni huamua kimyakimya kama darasa hili ni tofauti na lile. Kabla ya kumfundisha silabi, kaa naye pembeni umuulize anataka kusoma nini hasa: ujumbe wa simu, maelekezo ya dawa, daftari la mauzo, au barua inayotoka shuleni kwa mwanawe. Somo lianzie hapo, ili baada ya vipindi vichache aone mwenyewe jambo alilokuwa haliwezi na sasa analiweza. Alama zilizomo katika rejista yako hazimtii moyo asipoziona.

Mchangiaji: Nakubaliana na Mratibu, ila tusimhesabu kila asiyeonekana kuwa ameacha. John Comings na wenzake, waliochunguza suala hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, walieleza kwamba kudumu ni pamoja na kujisomea mtu anapolazimika kusimamisha darasa, kisha kurejea mara tu hali inapomruhusu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo madarasa mengi yanapokosea: yanajiandaa kumpokea anayeanza, lakini hayana utaratibu wowote kwa anayerudi. Anayeaga apewe kazi za kufanyia nyumbani, mwenzake mmoja aendelee kumjulia hali, na siku atakaporudi asiulizwe mbele ya watu alikuwa wapi, wala asirudishwe kwenye irabu alizokwisha kuzijua.

Mwanakisomo wa zamani: Mwalimu, nami niliwahi kuacha, na sababu haikuwa ugumu wa herufi. Saa za darasa zilipobadilishwa ziligongana na kazi yangu, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kuzibadilisha. Tafadhali pangeni ratiba pamoja na wanakisomo, na muulize pia kama kuna mgonjwa au mtoto anayewategemea saa hizo, kwa sababu wengi wetu tunaona haya kulisema jambo hilo bila kuulizwa.