Naomba ushauri: nianzie wapi kufundisha uzazi wa mimea ya mbegu?

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu kuhusu somo la mimea ya mbegu ninaloliandalia wanafunzi wa sekondari. Vitabu vingi huanza na ua, kisha hugusia jimnospemu (mimea ya mbegu isiyo na maua, kama ginko na msonobari) kwa aya chache, na kwa maoni yangu mpangilio huo unaficha jambo zito: kwa mujibu wa visukuku, mbegu zilitangulia maua kwa zaidi ya miaka milioni 200.

Mwaka 1896, Hirase Sakugoro wa Japani aligundua kwamba gameti dume (seli za kiume za uzazi) za mti wa ginko huogelea kwa flajela (nyuzi ndogo kama mikia), ingawa chavua yake hupeperushwa na upepo. Mrija unaoota kutoka kwenye chavua huziachilia gameti hizo katika majimaji yaliyo ndani ya ovuli (sehemu yenye yai, ambayo baadaye huwa mbegu), zikaogelea hadi kwenye yai. Katika msonobari, mrija wenyewe huzifikisha.

Je, nianze na ginko, au nitangulize utungisho maradufu wa mimea ya maua, ambapo gameti dume moja hurutubisha yai na ya pili huanzisha endospemu (akiba ya chakula ndani ya mbegu)? Aliyewahi kufuata mpangilio wa kihistoria anieleze wanafunzi hukwama wapi, na ni ua gani lipasuliwe darasani ili ovuli zionekane vizuri kwa lenzi ya mkono.