Mayai ya trei yanaharibika kabla ya wiki mbili, nakosea wapi?

Mama wa Tabata:
Habari zenu, ndugu zangu. Kila mwisho wa mwezi hununua trei ya mayai 30 katika duka kubwa la jirani, huyaosha yote kwa maji ya bomba kwa sababu mengine huwa na kinyesi, kisha huyapanga kwenye mlango wa jokofu. Juzi, siku ya 12, nilivunja yai juu ya unga wa maandazi, kumbe ni viza, nikamwaga unga wote. Je, tatizo ni duka au ni mimi?

Mfugaji Kibaha:
Pole sana, dada. Mimi nafuga kuku wa mayai, na kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kuosha. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, na kuku akitaga huliacha na utando mwembamba unaoviziba. Ukiliosha, utando huondoka, na maji ya baridi yanaweza kuvuta vijidudu hadi ndani. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu, na lililochafuka sana liache dukani. Yahamishie rafu ya ndani, ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa sababu mlango hupata joto kila unapofunguliwa. Yakishapoa, usiyatoe hadi wakati wa kupika, maana katika joto la Dar hutoka jasho, na unyevu huo huwapa vijidudu njia.

Bibi wa Tanga:
Mwanangu, dukani inua yai mojamoja, kwani lenye ufa chini hunata kwenye trei na ukitazama kwa juu hulioni. Rangi ya ganda isikuhangaishe, hiyo ni aina ya kuku tu. Nyumbani yatie kwenye bakuli la maji: linalolala chini ni jipya, linalosimama limekaa na lipikwe mapema, linaloelea litupe, kwa kuwa yai likikaa hupoteza maji na hewa ndani yake huongezeka. Tena kila yai livunjie kwanza kwenye kikombe, ndipo ulimimine kwenye unga.

Mama wa Tabata:
Ahsanteni sana. Nimeyapima 14 yaliyobaki: 7 yamelala, 5 yamesimama, 2 yameelea. Kwa kuwa yote niliyaosha siku moja na kuyaweka mahali pamoja, nahisi dukani pia walichanganya mayai ya siku tofauti. Kesho nitawauliza trei zao huletwa siku gani, na nitanunua nusu trei tu.