Switch 2: ya kwetu au ya kina nani?

Padi Mbili, Kondele: Nintendo waliianika Switch 2, mashine yao mpya ya geimu, yote tarehe 2 Aprili 2025, baada ya ile video fupi ya Januari. Kwa ambao hamkutazama: inatoka 5 Juni 2025, kioo inchi 7.9, hifadhi GB 256, bei ya Marekani dola 449.99. Kwa dola ya sasa hiyo ni kama shilingi 58,000 za Kenya, kabla ya usafiri na kabla ya VAT yetu ya asilimia 16. Swali langu: mtu wa huku kwetu ana sababu ya kuinunua? Mimi mwenye base ya geimu, kibanda ambamo watu hulipa kucheza, nasema anayo. Unafungua boksi, unachomoa zile padi mbili za kuchezea za ubavuni, watu wawili wanacheza papo hapo, hakuna kutafuta padi ya pili. Na stima ikipotea mchezo hauzimiki. Wenyewe wanasema betri inakaa saa mbili hadi sita na nusu, kulingana na geimu.

Mchezaji wa Milimani: Sababu gani, ndugu yangu? Ile ya kwanza 2017 ilitoka kwa dola 299.99. Sasa dola 500! Watu wamejaa kwenye matangazo yao ya moja kwa moja wakiandika kitu kimoja tu, shusheni bei, shusheni bei, na wao wanaendelea kutuonyesha Donkey Kong, yule sokwe wao, akivunja mawe.

Fundi wa Kibuye: Dola 499.99 ni ile inayokuja pamoja na Mario Kart World, geimu ya mbio za magari. Ukiinunua geimu hiyo peke yake ni dola 79.99, yaani zaidi ya elfu kumi. Lakini bei si tatizo kubwa. Tatizo ni kadi. Baadhi ya geimu zitakuja na kadi isiyo na geimu ndani, ni ufunguo tu. Unaiweka, halafu unaanza kupakua geimu nzima kwa bando lako. Na memori kadi yako ya zamani haitaendesha geimu humo, wanataka microSD Express, aina mpya yenye kasi zaidi. Hesabuni hiyo kwa bei ya data zetu kabla ya kulia bei ya mashine.

Section 58, Nakuru: Mnajisumbua bure. Mario ni ya watoto. Huku Nakuru hakuna base inayoweka Mario, watu ni FIFA tu, geimu ya mpira. Mtu mzima ana ndevu anaendesha gari la uyoga? Watu wa Kisumu mna muda sana.

Omera wa Nyalenda: Tuna muda? Sisi tumekuwa jiji tangu 2001. Nyinyi mmepewa karatasi ya jiji Desemba 2021 na tayari mnatufundisha cha kucheza. Mario Kart ukiicheza watu wanne kwenye kioo kimoja ndipo utajua ndevu zako zina kazi gani. FIFA yenu kila mwaka ni ileile wamebadilisha jezi, na hata jina la FIFA limeshaondoka tangu 2023, sasa ni FC.

Section 58, Nakuru: Jina liondoke au libaki, ndiyo inayolipa kodi ya base. Muulize huyo mwenye mada yako atuambie kama ana hata mteja mmoja wa Mario.

Padi Mbili, Kondele: Ninao. Wengine wanakuja na wadogo zao likizo hii, na hawaitaki FIFA kwa sababu wakubwa wanawafunga saba bila. Geimu ambayo mtoto wa miaka tisa anaweza kumshinda kaka yake ni biashara nzuri.

Mwalimu, Kakamega: Nimesoma nikifikiri mnajadili mashine. Kumbe mnajadili namna ya kuwapata watoto wa miaka tisa. Sisi walimu ndio tunaohesabu madawati matupu Ijumaa mchana. Ukimfuata mtoto unamkuta kwenye kibanda chenye pazia jeusi, sare imefichwa ndani ya mkoba, nauli imeisha. Msiniambie habari za inchi 7.9.

Padi Mbili, Kondele: Mwalimu, kwa heshima zote, hujaiona base yangu. Sina pazia. Nina kibali cha kaunti ukutani na mlango unatazama barabara. Mwenye sare haingii, siku ya shule haingii hata akiwa na pesa mkononi. Nimeandika kuhusu likizo na wewe umesoma Ijumaa ya masomo. Kuna wenzangu wanaoficha watoto, nao nawachukia kuliko unavyowachukia wewe, kwa sababu askari wakija wanatufunga wote.

Mwalimu, Kakamega: Sikukutaja wewe. Lakini wote husema hivyo.

Padi Mbili, Kondele: "Wote" ndilo neno linaloniuma. Kuna vijana mtaani kwangu ambao saa kumi na mbili jioni wangekuwa mahali pabaya zaidi, na mama zao wanajua waliko kwa sababu wanapita dirishani wanawaona. Njoo uone ndipo uhukumu.

Mama Wawili, Mamboleo: Mimi ni mzazi na nasema wazi: afadhali nijikaze ninunue kimashine hicho nikiweke sebuleni kuliko kumpa mtoto ishirini ishirini kila siku aende nisikokuona. Nimesoma kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 hawezi kuzungumza na watu kwenye hiyo GameChat, sehemu ya kupiga gumzo ndani ya mashine, mpaka mzazi aidhinishe kwa simu. Hilo base haiwezi kunipa.

Padi Mbili, Kondele: Mama, 58,000 na ushee, halafu elfu kumi kwa kila geimu, ili mtoto akae peke yake sebuleni akiongea na kioo? Na hiyo GameChat ni bure hadi Machi 2026 tu, baadaye inataka malipo ya uanachama. Kwa base anacheza na jirani yake, wanagombana, wanapatana, anajifunza kungoja zamu. Mashine ya kila nyumba itawafungia watoto ndani.

Mchezaji wa Milimani: Ngoja kwanza. Si wewe uliyefungua mjadala ukisema watu wainunue?

Padi Mbili, Kondele: Nilisema mtu wa huku ana sababu. Base ni mtu wa huku.

Mama Wawili, Mamboleo: Kwa hivyo ikiwa yako ni maendeleo, ikiwa yangu ni kumfungia mtoto. Asante, nimekuelewa vizuri.

Omera wa Nyalenda: Mama usimkasirikie, anapigania ugali wake. Ila hapo amekosea njia. Wawili wako wana padi mbili tayari, na wakimwalika mtoto wa jirani wanapokezana. Hakuna aliyefungiwa. Kinachonichoma mimi ni Japani: kuna toleo la lugha ya Kijapani pekee la yen 49,980, na lenye lugha nyingi ni yen 69,980. Wanajua kuwapunguzia watu wao. Huku hata duka lao rasmi la mtandaoni hatuna, unafungua akaunti ukijifanya unaishi Uingereza.

Fundi wa Kibuye: Na kwa akaunti hiyohiyo ndiyo utapakua geimu ya kadi ya ufunguo. Hakuna aliyejibu hilo. Geimu ya Cyberpunk wameiweka nzima kwenye kadi ya GB 64, kwa hivyo inawezekana, wengine wanabana pesa tu. Kwa mama: ukinunua, angalia boksi la geimu, onyo limeandikwa mbele chini. Usiuziwe ufunguo ukidhani ni geimu.

Mchezaji wa Milimani: Habari mpya: oda za mapema za Marekani zilizokuwa zianze tarehe 9 zimesimamishwa kwa ajili ya ushuru wa Trump. Bei inaweza kupanda tena.

Mwalimu, Kakamega: Mwenye base, sare unaizuia mlangoni au unaiuliza akiwa ameshaketi? Nauliza kwa nia njema.

Padi Mbili, Kondele: Mlangoni. Na nikimjua mzazi wake nampigia.

Mwalimu, Kakamega: Basi wafundishe na wenzako wa huku Amalemba.

Section 58, Nakuru: FIFA itakuwemo tarehe 5 Juni au haitakuwemo?

Fundi wa Kibuye: EA, watengenezaji wa FC, wametajwa. FC na Madden, ile ya mpira wa Kimarekani, zinakuja. Tarehe hawajatoa.

Section 58, Nakuru: Basi mimi nabaki na PS4.