Naombeni ushauri: nyimbo za kudansi za siku hizi zinaweza kukaa kando ya disko?

Binti Santuri

Wakuu habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni.

Nina miaka 26, huu ni mwaka wa pili najifunza u-DJ. Mjomba wangu anatimiza miaka 68 na amenikabidhi mimi muziki wa sherehe yake, saa 4 nzima. Ujana wake wote ulikuwa disko. Ana maboksi ya santuri ambayo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuyagusa mpaka nilipofikisha miaka 20. Watakuwepo watu wa rika lake na watakuwepo wa rika langu. Sharti lake ni moja: nyimbo mpya nipige nikitaka, ila kila mpya ikae bega kwa bega na ya zamani. Ikipwaya ataisikia.

Juzi nikajaribu. Nikapiga "Good Times" ya Chic, ya mwaka 1979, toleo refu la dakika 8. Nikauunganisha na wimbo mpya ninaoupenda kwelikweli. Wakuu, nilikaa chini. Ule mpya ulisikika kama umefungiwa ndani ya kopo. Una kelele kuliko wa Chic lakini hauna uzito, na kabla sijauzoea ukawa umeisha.

Nimejaribu mingine mitano, karibu yote vilevile. Imeniuma, kwa sababu huu ndio muziki wa kizazi changu. Nisaidieni: ni kweli muziki mpya haufiki pale, au mimi ndiye ninayeukosea? Na kama upo unaofika, ni upi?

Fundi Besi

Dada, kabla hujauhukumu huo wimbo, uliupata toleo gani? Nahisi ni lile la kusikiliza kwenye simu, dakika 2 na nusu au 3. Kama ndivyo, umelinganisha wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya ukumbi na wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa spika za masikioni.

Huo urefu wa disko haukuja wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Tom Moulton, Mmarekani, aliona watu wanaondoka uwanjani kila wimbo unapoisha, na unaisha pale pale wanapoanza kupata moto. Akaanza kuzirefusha nyimbo kwa kukata na kuunga tepu. Baadaye, siku moja studio iliishiwa sahani ndogo za kuchongea, wimbo ukachongwa kwenye sahani kubwa. Mifereji ikapata nafasi ya kutanuka, besi ikashuka chini na sauti ikapanda. Santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja ilizaliwa hapo. Mwaka 1976 kampuni ya santuri ya Salsoul wakaipeleka madukani kwa mara ya kwanza, "Ten Percent" ya Double Exposure, DJ Walter Gibbons akiwa ameivuta mpaka zaidi ya dakika 9.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Tafuta matoleo marefu ya hizo nyimbo mpya. Mengi yapo, watu hawayatafuti tu. Halafu usiziache zipige kwa sauti zilivyokuja. Nyimbo nyingi za leo zimebanwa, sauti ndogo imepandishwa mpaka iko karibu sawa na kubwa, ndiyo maana unasikia kelele bila uzito. Shusha ile mpya mpaka sikio lako lione zimelingana, ndipo uamue. Usitazame taa za mashine, tumia sikio.

Mfano rahisi ni "Get Lucky" ya Daft Punk, 2013. Ya redioni ni dakika 4, ya kwenye albamu ni 6. Piga ya albamu.

Mzee wa 77

Mwanangu Binti Santuri, marahaba. Mimi ni wa rika la mjomba wako na nitasema ninachoamini.

Haufiki. Hata urefushwe namna gani.

Chukua nyimbo zilizotoka studio ya Sigma Sound kule Philadelphia. MFSB, bendi ya studio hiyo, walikuwa wanamuziki zaidi ya 30: fidla, tarumbeta, magita, na nyuma yao Earl Young kwenye drams. Huyo bwana ndiye aliyeuweka ule mshindo wa ngoma ya mguu unaopiga mapigo yote manne sawasawa, na yale matasa mawili yanayofunguka katikati ya pigo na pigo. Sikiliza "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, 1973, utasikia disko inavyoanza kutembea. Earl alikuwa anapiga kwa miguu na mikono yake. Wimbo unapopanda, naye anapanda kidogo. Mwimbaji akivuta pumzi, bendi nzima inamsubiri. Kompyuta haimsubiri mtu.

Na hiyo "Good Times" uliyoipiga, Bernard Edwards kwenye besi, Nile Rodgers kwenye gita, Tony Thompson kwenye drams. Wimbo wenyewe hauna mengi, msingi wake ni watu watatu wanaosikilizana. Huo usikilizanaji ndio ulioukosa kwenye wimbo wako mpya.

Kipande cha Tepu

Mzee wangu shikamoo. Kuhusu Earl Young nakubaliana nawe kabisa, ila hapo kwenye mashine napinga kwa heshima zote.

"I Feel Love" ya Donna Summer ni ya 1977, katikati kabisa ya disko. Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliutengeneza Munich karibu wote kwa sintesaiza ya Moog. Mashine ilishindwa kuwapa mshindo wa ngoma ya mguu waliouridhia, wakamwita Keith Forsey aupige. Vingine vyote vya muziki ni umeme, juu yake sauti ya Donna. Kuna mtu wa enzi zenu aliyekataa kuucheza?

Na "Stayin' Alive" ya Bee Gees? Mpiga drams wao alikuwa ameondoka kwa dharura ya kifamilia, wakakata kipande cha tepu ya "Night Fever", wakakiunga kijirudie wimbo mzima. Wakaandika jina la mpiga ngoma wa kubuni, Bernard Lupe, mtu ambaye hayupo. Zile drams hazimsubiri mwimbaji hata kidogo, na bado watu walicheza, na wanacheza.

Kwa hiyo tatizo si kompyuta. Swali ni kama aliyekaa mbele yake aliwafikiria watu wanaocheza.

Zawadi_R

Mimi naongeza moja. Mjomba ana maboksi, lakini yale maboksi ameyachuja kwa karibu miaka 50. Kufikia 1979 kila mtu alikuwa anatoa disko, na nyingi zilikuwa mbovu, watu wakazichoka. Zilizobaki kwenye maboksi ni zile zilizostahimili. Wewe unachukua nyimbo za miezi kadhaa ambazo hakuna aliyewahi kuzichuja, unaziweka kando ya "Good Times". Lazima zipwaye! Rudi nyuma miaka 10, 20, uone zipi bado zimesimama.

Na tusizungumze kama disko ilikufa kisha kikaja kitu kingine. Usiku wa tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio alilipua sanduku la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Kijana mmoja aliyekuwa mhudumu pale uwanjani, Vince Lawrence, amesimulia jinsi alivyoona kuwa nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa disko hata kidogo, zilikuwa tu za wasanii weusi. Kijana huyohuyo mwaka 1984 alikuwa na Jesse Saunders wakitengeneza "On and On", moja ya santuri za kwanza kabisa za hausi, muziki wa kudansi uliotokana na disko. Na jina hausi lenyewe linatokana na Warehouse, klabu ya mjini humohumo Chicago ambako Frankie Knuckles, aliyetoka New York, alikuwa akipiga disko na kuzirefusha.

Waliokuwa wanacheza pale ni watu weusi, Walatino, wapenzi wa jinsia moja, watu waliokuwa hawana pengine pa kujiachia. Disko ilitoka kwao na haikuwahi kuwatoka. Redio ndiyo iliyoiacha. Kila ninaposikia mtu anasema muziki wa kudansi wa leo hauna roho, nawakumbuka hao.

Mpapaso

Amapiano mmeisahau jamani? Nyimbo za dakika 6, 7, haziharakishi chochote. Na mwendo wake ni karibu mapigo 112 kwa dakika. "Good Times" ni 111. Dada huhitaji hata kuivuta, ziunganishe hivyo hivyo.

Mzee wa 77

Zawadi umenigusa, hilo la kuchuja ni kweli. Nilikuwa nazo nyingi nilizozigawa.

Kipande, "I Feel Love" nakuachia. Lakini Donna alikuwa mtu.

Binti Santuri

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili.

Nimefanya alivyosema Fundi Besi, nikashusha sauti ya nyimbo mpya na kutafuta matoleo marefu. Jana nikamwita mjomba asikilize bila kumwambia kitu. Nyimbo mbili amezikataa ndani ya dakika moja, na sasa hata mimi nasikia kwa nini: hazina mahali pa kupumulia. "Get Lucky" ya albamu ameipokea kama ndugu, akasema huyo ni Nile hata kabla sijamtajia.

Kisha "Good Times". Kidole chake kilikuwa kinapiga mkono wa kiti. Ilipofika ile sehemu vyombo vinapungua besi ikabaki karibu peke yake, nikaingiza amapiano chini yake taratibu, nikaiondoa besi ya Chic. Kidole hakikusimama. Baada ya dakika kama 4 hivi akauliza nani anapiga hiyo ngoma nzito. Nikamwambia ni kijana na kompyuta yake. Akanyamaza, akasema, "Rudisha nyuma kidogo, hapo ilipoingia."

Imebaki saa ya mwisho. Nataka "I Feel Love" iwepo lakini kila nikiiweka katikati inaua wimbo unaoifuata, uwe mpya uwe wa zamani. Niiweke wapi?

Fundi Besi

Mwisho kabisa. Pandisha mwendo pole pole kutoka mapigo 112 kwa nyimbo tatu nne za hausi mpaka uifikie, usiruke.

Mzee wa 77

Mwisho, na usiikate. Iache iishe yenyewe.

Halafu mwanangu, huo wimbo alioomba urudishe nyuma unaitwaje?