Thwake: mchanga ubaki Makueni au ufike Malindi?

HOJA: Maji ya Mto Nairobi huingia Athi, yakakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika kaskazini ya Malindi. Bwawa la Thwake, ukuta wa zaidi ya mita 80, limekaa katikati ya njia hiyo, na litanasa mchanga na tope la mto. Pwani itanufaika au itaumia?

MHANDISI WA MITO: Itanufaika. Kaskazi ikivuma, tope la Sabaki husukumwa kusini hadi kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa 1968. Maji yakichafuka, mwani unaoishi ndani ya matumbawe hukosa jua, na matumbawe hukosa chakula. Tope likipungua, yatapumua.

MPIMA UFUO: Mhandisi, tope si mchanga. Maji yakituama, punje nzito ndizo huzama kwanza, kule juu mto unakoingia bwawani. Tope laini huelea, na mafuriko yakija sehemu yake huvuka ukuta. Kwa hiyo huenda matumbawe yakaendelea kusumbuka huku ufuo ukinyimwa mchanga. Diani haina shida hiyo, mchanga wake mweupe kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyosagika. Wa Mambrui, karibu na mdomo wa Sabaki, umeletwa na mto. Chota kiganjani uone vipande vya ulanga, madini ya mwambani, vinavyometameta.

MHANDISI WA MITO: Basi tufungue milango ya chini ya bwawa masika yanapoanza, mchanga utoke.

MPIMA UFUO: Milango hiyo husafisha shimo dogo tu mbele yake. Kuusogeza mchanga wa kule juu kunataka bwawa lishushwe hadi karibu liwe tupu, na watu wanasubiri maji ya kunywa.

MKAGUZI WA MAJENGO: Na malori je? Maghorofa yetu hapa Nairobi yanakula mchanga wa mito ya Ukambani. Makueni ilitunga sheria ya kuudhibiti 2015, lakini mahitaji hayajapungua. Napendekeza mchanga wa ujenzi uchotwe pale unaporundikana, bwawa linapoanzia, na vijito vinavyoingia Athi ukishapita ukuta visiguswe kabisa. Hivyo ndivyo vitakavyobaki kulisha Sabaki.

MPIMA UFUO: Hilo naliunga mkono, ila vipimo vianze kabla bwawa halijajaa. Vigingi vya zege nyuma ya ufuo, mstari upimwe hadi majini wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kila mwezi. Vipimo vya msimu wa kusi vilinganishwe na vya kusi, vya kaskazi na vya kaskazi. Ukilinganisha Julai na Januari utalilaumu bwawa kwa kazi ya upepo.

MHANDISI WA MITO: Gharama aibebe nani, kaunti ya Kilifi au mwenye bwawa?

MKAGUZI WA MAJENGO: Mnunuzi wa mchanga. Ushuru utozwe kwa kila lori.