Naomba ushauri: mchezo wa mtindo wa zamani usio na ramani

Wanajamvi, nimecheza toleo la majaribio la mchezo wa kompyuta wa safari za kichawi, uliochorwa kwa vidoti vikubwa kama michezo ya miaka ya 1980, na muziki wake nimeupenda mno. Kinachonitatiza ni kwamba hauna ramani: mlinzi wa lango hukupa taa, hutamka fumbo moja, kisha unaachwa msituni, na ukifa funguo zote ulizokusanya zinapotea. The Legend of Zelda, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Nintendo wa mwaka 1986, nao ulimwacha mchezaji ajitafutie njia, lakini angalau ulihifadhi hazina alizokusanya. Je, ugumu wa namna hii kwa kawaida hulegezwa katika toleo kamili, au nianze kuchora ramani yangu kwenye karatasi kabla sijaununua?