Muda wangu wa kilometa 10 umeporomoka, niongeze mazoezi makali au nipunguze? Naomba ushauri

Mwanambio_Wawi
Asalaam alaykum wanajamii. Mie ni kijana wa miaka 27, nipo Chake Chake, Pemba, mwaka wa nne huu nnakimbia mbio ndefu. Mwezi wa nne nilipiga kilometa 10 kwa dakika 36 kamili uwanja wa Gombani, raundi 25, mwenzangu kashika saa. Juzi hapo hapo Gombani, alfajiri ile ile, dakika 41 na ushei. Mguu hauumi, homa sina, usingizi napata.

Zamani kila siku nilikuwa nakamua mpaka natema mate mazito. Baadaye nikasoma habari za Stephen Seiler, mtafiti wa Kimarekani anayefundisha Chuo Kikuu cha Agder, Norwei. Huyu alikaa akachambua mazoezi ya wakubwa wa michezo ya pumzi, wapiga makasia, watelezaji wa theluji, waendesha baiskeli, wakimbiaji. Akakuta vipindi vyao kama 80 katika kila 100 ni vya polepole kabisa, na 20 ndivyo vya kukata pumzi. Nikafuata. Miezi miwili ya mwanzo nilipaa, kisha nikaanza kuanguka kama embe bivu.

Wiki tatu zijazo nna nusu marathoni Unguja. Pumzi ya mbali ipo, maana Jumapili iliyopita nilitoka Chake mpaka Wete kwa saa 1 na dakika 45. Kasi ndiyo imepotea. Je, niiache hii 80 kwa 20 nirudi kukamua kila siku, au nizidi kupunguza?

FundiVespa
Vespa ikikosa nguvu mlimani sikimbilii kuongeza mafuta, nafungua plagi kwanza. Wewe hujafungua plagi, ushauliza mafuta.

Mkufunzi_Mstaafu
Wa alaykum salaam kijana wangu. Vijana wengi mnasema polepole na wala si polepole. Kipimo changu hakihitaji saa: ukiweza kusoma Alhamdu yote kwa sauti huku unakimbia na usikatike pumzi, hapo ndipo polepole. Ukiishia aya ya tatu unahema, hiyo si 80 wala si 20, ni katikati, na katikati ndiko wanakochokea watu wote.

La pili ni hewa yetu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Visiwani hewa imejaa maji, jasho linadondoka chini bila kukauka, damu inabidi igawanywe, nyingine iende kwenye misuli na nyingine kwenye ngozi kutoa joto, moyo unapiga mbio kwa kazi ile ile. Usijilinganishe na walioko Arusha.

Mie nilikuwa skuli Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, kaongoza tangu mlio wa bastola mpaka utepe. Habari ilipotufikia tuliacha vitabu tukatoka kukimbia barabarani bila viatu, mwalimu nyuma na bakora, naye akawa anacheka. Kwa hiyo usikate tamaa.

Bi_Karafuu
Mwanangu, hujasema unakula nini. Hawa vijana chai kavu na boflo asubuhi, kutwa nzima jua linawapiga, usiku ndiyo wanakumbuka wali. Unaishi na nani? Mama yupo? Hebu simama mbele ya kioo, vuta kope la chini, utazame ndani. Jekundu au jeupe?

Mwanambio_Wawi
Shukran mama. Nakula vizuri, samaki kila siku. Kope nimetazama, ni jeupe jeupe, lakini ndivyo nilivyo tangu utotoni. Mwalimu, kuhusu Alhamdu nakuelewa, nitajaribu kesho. Bado sijajibiwa: niongeze makali au nipunguze?

Wa_Maabara
Nakuuliza matatu, ujibu moja moja. Ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu? Asubuhi kabla hujatoka kitandani moyo unapiga mara ngapi kwa dakika, na mwezi wa nne ulikuwa ngapi? Na mkojo wako rangi gani?

Mwanambio_Wawi
Moyo ulikuwa 48, sasa 62. Kizunguzungu kidogo, si sana. Hayo mengine ya kawaida tu kwa mtu anayetoka jasho.

Wa_Maabara
"Hayo mengine" nimeuliza kwa jina lake. Mkojo rangi gani?

Mlinzi_wa_Bandari
Muacheni kijana. Simbu katushindia ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, baada ya kilometa 42 kampita Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, nanyi hapa mnaulizana mikojo. Anayetaka medali anakamua. Kijana, kamua.

Bi_Karafuu
Wewe Mlinzi, kanyamaza umemuona. Kanyamaza tangu jana.

Mwanambio_Wawi
Haya. Niliona haya kuandika mbele ya watu wazima, mnisamehe. Mwekundu. Si kila mara. Ulianza mwezi wa sita. Nilidhani ni mazoezi, maana nilisoma kuwa mkimbiaji wa mbali huweza kukojoa damu baada ya mbio ndefu, kibofu tupu kinagongana kuta zake kila hatua, na kwamba hata chembe nyekundu za damu hupasuka chini ya unyayo. Ni kweli imeandikwa, sikuitunga. Ukipumzika siku mbili tatu unakwisha wenyewe.

Wala sikukaa bure. Duka moja la dawa walinambia damu imepungua, nimenunua sindano tano za chuma, ya kwanza nachomwa Alhamisi. Ada ya mbio nimelipa, tiketi ya boti ninayo, na klabu wameniandika mimi, wamemuacha mwengine. Sasa siwezi kurudi nyuma. Ndiyo maana nauliza mazoezi tu.

FundiVespa
Plagi hiyo.

Mchungu_wa_Hesabu
Jamani, kabla hamjalia. Mie nahesabu tu. Kilometa 10 kwa dakika 36 ni dakika 3 na sekunde 36 kwa kila kilometa, na hapo alikuwa mzima. Chake mpaka Wete ni kama kilometa 30. Saa 1 na dakika 45 ni dakika 105. Gawanya: dakika 3 na nusu kwa kilometa. Yaani mgonjwa, anakojoa damu, kakimbia kilometa 30 zenye milima kwa kasi kuliko alivyokimbia 10 uwanjani akiwa mzima. Hapa hakuna mkimbiaji. Kuna mtu kakaa na simu yake anatutungia hadithi, na nyinyi mnamwaga huruma.

Mlinzi_wa_Bandari
Subhanallah. Kweli bwana. Nami nishamwambia akamue!

Mkufunzi_Mstaafu
Hesabu imekaa sawa. Mie niliipita bila kuitazama, na kazi yangu yote ilikuwa kushika saa. Kijana, hebu tujibu.

Bi_Karafuu
Awe kaongopa masafa, damu haongopi mtu. Mwanamume hajidhalilishi namna hiyo mbele ya watu kwa kucheza.

Mwanambio_Wawi
Mchungu, hesabu yako sahihi. Sikufika Wete kwa miguu.

Nilikwenda vizuri kama kilometa 14. Kwenye mteremko mmoja wenye mikarafuu pande zote nikaona lami inacheza. Nikasogea pembeni kukojoa. Mwanzo ulitoka wa kawaida, mwishoni yakatoka matone mazito mekundu, yakabaki juu ya jani la mgomba kama nta. Yanauma yakitoka. Nilipoinuka magoti yakakataa. Nikakaa chini, akapita mwenye daladala akanipakia mpaka Wete, hakutaka hata nauli. Saa ya mkononi sikuizima. Nilipofika ilisoma saa 1 na dakika 45, nikawaonyesha wenzangu vile vile, wakanipongeza. Mpaka leo hakuna ajuaye ila huyo dereva. Na sasa nyinyi.

Mchungu_wa_Hesabu
Nimekuamini. Mteremko mtu anaweza kutunga, lakini hilo la mwishoni mwa mkojo siyo mtu wa kubuni. Samahani ndugu yangu.

Wa_Maabara
Hapo sasa. Damu ya mazoezi ipo, na ulivyosoma ni kweli, lakini hiyo kwa kawaida huondoka ndani ya siku mbili tatu. Damu inayokuja mwisho wa mkojo, yenye maumivu, katika visiwa vyetu, kwanza tunafikiria kichocho. Swali moja: ukimaliza mazoezi unaoga wapi?

Mwanambio_Wawi
Kuna kijito bonde la mpunga, njia ya kurudi nyumbani. Maji baridi, mpaka kiunoni. Nilisoma kuwa wanariadha huloweka miguu kwenye maji baridi kupunguza uchovu, barafu sina, nikaona pale panatosha. Nakaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya zoezi refu. Tangu mwezi wa pili.

Bi_Karafuu
Ya Rabbi.

Wa_Maabara
Basi tuandike vizuri, maana humu wapo wengine wanaooga hivyo hivyo.

Konokono wadogo wa maji baridi ndio wanaotoa vijidudu vya kichocho. Vinapenya hata ngozi isiyo na kidonda, mara nyingi bila muwasho wa kukushtua. Minyoo hukomaa, hukaa kwenye mishipa ya kuzunguka kibofu, hutaga mayai yenye mwiba, mayai yanachana kibofu ili yatoke. Ndiyo damu yako. Umeanza kuoga mwezi wa pili, mwezi wa nne ukawa bado mzima, mwezi wa sita damu. Muda wenyewe unalingana.

Sasa kasi yako. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, kila gramu moja hubeba kama mililita 1.34. Mwaka 1972 Bjorn Ekblom na wenzake kule Stockholm waliwatoa watu damu, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ukashuka. Baada ya wiki kadhaa wakawarudishia chembe zao wenyewe, ukapanda. Wewe jaribio hilo unalifanya mwilini mwako bila daktari, kwa matone, miezi sasa. Moyo kupanda kutoka 48 mpaka 62 ni kwa sababu unazungusha damu nyepesi mara nyingi zaidi. Hakuna 80 kwa 20 wala 50 kwa 50 itakayoziba hilo. Seiler aliwachambua watu wenye damu kamili.

Sindano usichome. Hujapimwa himoglobini, hujapimwa feritini inayoonyesha akiba ya chuma, na tundu linalovuja liko wazi. Na chuma si maji ya kunywa tu. Hapa hapa Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo chuma na foliki, sehemu hiyo ya utafiti ikabidi isimamishwe kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi, malaria ikiwa nyingi wakati ule. Wewe si mtoto mchanga, na malaria si ile ya zamani. Lakini waliotoa damu yao tujifunze ni watoto wetu, tusichome kwa kukisia.

Nenda spitali kesho baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka zaidi wakati huo. Kabla ya kutoa mkojo ruka ruka kidogo, panda ngazi. Hilo ni agizo la maabara khasa, na kwa mkimbiaji si tabu. Waambie unataka uchujwe na utazamwe kwa hadubini, na himoglobini ipimwe. Na kama unakunywa dawa za maumivu kabla ya kukimbia, waambie, figo zako zinahusika.

Mwanambio_Wawi
Nakunywa. Moja kabla ya kila zoezi refu.

Lakini Wa_Maabara, kama nikipewa dawa kesho, wiki tatu hazitoshi? Nusu tu, kilometa 21. Naweza kuikimbia polepole, kwa Alhamdu.

Mkufunzi_Mstaafu
Mwanangu, jina la klabu litaandikwa tena mwakani. Aliyeachwa nyumbani mpe nafasi yake, na umpe wewe mwenyewe kwa mdomo wako, usipeleke mtu. Nimewahi kumwacha kijana akimbie kwa kuwa alinibembeleza kama unavyobembeleza. Alimaliza. Hakukimbia tena baada ya siku ile, na mamake bado nakutana naye sokoni.

Mlinzi_wa_Bandari
Nimefuta niliyoyasema moyoni. Tiketi ikiwa haibadilishiki nitafute hapa hapa, nitauliza wenzangu bandarini.

Mwanambio_Wawi
Nimerudi. Leo saa tano niliruka kamba nyuma ya ukuta wa spitali, watu wananitazama, nikaingia kutoa mkojo. Aliyekuwa kwenye hadubini aliniita nije nitazame mwenyewe. Yamekaa kama mbegu za tikiti, kila moja na ncha yake.

Himoglobini 9.8. Nna kilo 60, nimepewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, vidonge vinne vya miligramu 600, nimevimeza pale pale na chakula. Vinachafua tumbo kidogo. Kurudi kupimwa baada ya wiki sita. Chuma daktari kasema cha vidonge, si sindano, na tuanze baada ya majibu mengine. Za dukani nitazirudisha wakikubali.

Nimemfuata yule mwenzangu wa klabu dukani kwa baba yake nikamwambia aende yeye. Hakusema kitu, akanishika mkono tu. Dereva wa daladala sijampata.

Kesho narudi tena spitali. Mdogo wangu ana miaka 11. Pale kijitoni alianza kuoga kwa kunifuata mimi.